Mimbari Iliyokodishwa

Viti vya kanisa vinapobaki wazi Jumapili, lawama huwa zimeshapata wenyewe. Vijana wameharibiwa na simu, husemwa, tena chuo kikuu kimewafundisha kiburi, na wazazi wa siku hizi hawana ukali. Nimesikia maelezo haya tangu utotoni na bado sijaona yakithibitishwa. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu 922,128 waliosema hawana dini yoyote. Miaka kumi baadaye walipatikana 755,750, ilhali Wakenya walikuwa wameongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Kama ukafiri ndio unaowavuta watu kutoka makanisani, hesabu hiyo ingepanda. Imeshuka.

Anayeondoka, basi, ni mtu ambaye sensa haina safu ya kumwandikia. Akiulizwa dini atajibu Mkristo bila kusita. Anasali kabla ya kulala, anamwombea mamake akiwa mgonjwa, na akipanda matatu inayocheza nyimbo za injili anaimba pamoja na kondakta. Ila Jumapili asubuhi yuko nyumbani anafua nguo. Fungu la kumi aliacha kulitoa zamani, na kanisani anaonekana kwenye harusi na mazishi tu. Imani yake ipo. Alichokiacha ni taasisi, na aliiacha kwa sababu anazoweza kukueleza vizuri ukimpa nafasi.

Tazama ibada siku mheshimiwa anapotarajiwa. Wazee wa kanisa wanaondolewa safu ya mbele ili wageni wakae. Walinzi wenye miwani myeusi wanasimama milangoni, na kwaya iliyofanya mazoezi mwezi mzima inaambiwa iimbe wimbo mmoja badala ya mitatu. Mahubiri yanakatwa. Matangazo yakiisha, mchungaji anamwita mwakilishi wadi asalimie kanisa, kisha mbunge, kisha seneta, na kila salamu inageuka kuwa kampeni, wapinzani wakitukanwa hatua mbili kutoka meza ya Bwana. Mwishoni inatajwa pesa ya paa au ya vipaza sauti, na waumini wanaambiwa wapige makofi. Katika safu ya nyuma ameketi mama mboga aliyetuma shilingi hamsini kwa nambari ya paybill iliyoandikwa ukutani. Yake haikutangazwa.

Wanasiasa wanajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini pesa hizo zimetoka wapi? Mshahara wa mbunge unajulikana, na hauwezi kujenga kanisa kila wikendi. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana kazi anaweza kupiga hesabu hiyo. Akiona askofu wake hataki kuipiga, anaelewa kwamba askofu amechagua kutojua.

Hasira ya vijana kama huyo ililipuka Juni 2024. Vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha mitaani waliwageukia pia viongozi wa dini, wakaitisha kampeni waliyoiita Occupy Church, wakitaka wanasiasa wanyimwe mimbari. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya msimu ule. Hata hivyo, Machi 2025 Rais William Ruto alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu, Nairobi, na Jumapili iliyofuata vijana walikwenda kuandamana karibu na kanisa hilo. Julai mwaka huohuo ikajulikana kwamba anajenga kanisa ndani ya Ikulu, mradi ulioripotiwa kugharimu shilingi bilioni 1.2. Rais alisema analijenga kwa pesa zake na kwamba hataomba radhi. Kwa waliokuwa wamezika wenzao mwaka mmoja nyuma, jibu hilo lilitosha kuwaeleza pale dini iliposimama.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kanisa la Kenya limewahi kuwa tofauti kabisa, na wapo watu hai walioliona. Utawala wa Daniel arap Moi ulipoleta kura ya mlolongo katikati ya miaka ya 1980, wapiga kura wakapanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, waliosimama kupinga walikuwa viongozi wa dini: Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari, Mchungaji Timothy Njoya. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya Askofu Alexander Muge kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge alikwenda Busia. Akafa katika ajali ya barabarani siku hiyohiyo akirudi nyumbani. Mwaka 1997 polisi waliwavamia watu katika Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, na Njoya akapigwa hadi akavuja damu. Miaka ile hakuna aliyehitaji semina ya kuwarudisha vijana kanisani. Walikuja kwa sababu hapo palikuwa mahali ambapo ukweli ungeweza kutamkwa kwa sauti.

Kisha Moi akaondoka, na waliokuwa wakiipinga serikali wakajikuta marafiki wa serikali. Kufikia uchaguzi wa 2007 maaskofu walikuwa wamegawanyika kwa makabila kama wanasiasa wenyewe, na damu ilipomwagika, watu wakachomwa ndani ya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret siku ya mwaka mpya wa 2008, sauti ya pamoja ya kuikemea haikuwepo. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, liliomba radhi mwaka huo kwa kuegemea upande. Miaka miwili baadaye viongozi wengi wa makanisa walipinga katiba mpya, lakini asilimia 67 ya wapiga kura, katika nchi ambayo Wakristo ni zaidi ya wanane kwa kila kumi, waliipitisha. Kondoo walikuwa wameshaacha kumfuata mchungaji, na mchungaji hakugeuka nyuma kuangalia.

Sitaki mtu anielewe kwamba kuondoka ni ushindi. Shule nyingi nzuri za nchi hii na hospitali za vijijini zilijengwa na makanisa, na mjane wa mtaani akifiwa, jumuiya ndogo ndogo humfikia kabla ya ofisi yoyote ya serikali. Tena mtu anayetoka kwenye kanisa lenye sinodi, baraza la wazee na vitabu vya hesabu hakai mtupu kila mara. Wengine huenda kwa mhubiri mmoja asiye na wa kumuuliza. Paul Mackenzie alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003, akalifunga 2019, akawahamishia wafuasi wake msitu wa Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 zilifukuliwa huko maiti zaidi ya 400, watoto wakiwa wengi, za watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu.

Hapo ndipo makanisa makubwa yanapobeba deni ambalo hayapendi kulitaja. Mapema mwaka 2016 Mwanasheria Mkuu alipendekeza kanuni za kuwataka wahubiri waonyeshe elimu yao na mashirika ya dini yaweke hesabu wazi. Viongozi wa dini walipinga karibu kwa sauti moja, na serikali ikarudi nyuma. Kanuni zile zilikuwa na kasoro, nakubali, na dola haipaswi kupewa rungu juu ya ibada. Lakini waliozikataa hawakuleta zao badala yake.

Njia inajulikana, kwa sababu wapo walioanza kuifuata. Septemba 2021, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia, wakiwa wamekaa mbele yake. Novemba 2024, siku moja baada ya Rais kutoa pesa katika kanisa Katoliki la Soweto, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe, za kwaya na za nyumba ya mapadre, na basi lililoahidiwa akalikataa. Waumini wengi walimpongeza, hata wale ambao hawakuwa wameingia kanisani kwa miaka.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Maaskofu na wachungaji, bandikeni hesabu za sadaka mlangoni kila mwezi, pamoja na jina la kila mtu aliyetoa zaidi ya laki moja. Na wewe msomaji ambaye bado unaketi kwenye benchi lako kila Jumapili, ziulize hesabu hizo mwenyewe, kwa heshima na bila kuchoka, maana aliyeondoka hana tena nafasi ya kuziuliza.