Hesabu za gesi ya baharini tuzifanye wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu gesi ya bahari kuu, ingawa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Msalala, mbali kabisa na Lindi na Mtwara.

Wananchi tumeelezwa kwamba nchi yetu ina gesi ya futi za ujazo zipatazo trilioni 57, na sehemu kubwa iko baharini. Kisima cha Zafarani, ambako gesi iligunduliwa mwaka 2012, kiko kwenye kina cha maji cha zaidi ya mita 2,500. Huko chini kuna baridi na mgandamizo mkubwa. Gesi ikikutana na maji katika hali hiyo hugeuka kitu kigumu kama barafu, hata kabla baridi haijafikia digrii sifuri. Molekuli za maji hushikana na kuifungia gesi ndani kama kuku katika tenga. Tenga dogo kabisa lina molekuli 20 za maji.

Barafu hiyo huziba mabomba. Mwezi Mei 2010, katika Ghuba ya Mexico, iliziba kuba la chuma lililoshushwa kukinga mafuta yaliyokuwa yakivuja, na kazi ikashindikana.

Kinga ipo: kumimina dawa bombani na kuyafunika mabomba yasipoteze joto. Lakini kinga ni fedha nyingi, na katika mikataba yetu ya gesi mwekezaji hurudishiwa gharama zake kabla ya mgawo. Kiasi kinachohitajika hupatikana kwa hesabu za kompyuta. Wataalamu huiga hata jinsi molekuli moja moja inavyovutana na jirani zake hadi tenga linapofungika. Wenzetu wa Marekani walitangaza kazi ya namna hiyo mwaka 2009.

Sasa nauliza: hesabu hizo akituletea mwekezaji, nani atazihakiki?

Sisi wa Kahama na Geita swali hili tunalifahamu. Mwaka 2017 makontena ya makinikia yalizuiwa. Kamati ya wataalamu wetu ikatoa hesabu yake, kampuni ikatoa yake, na zilitofautiana kabisa. Ubishi huo ulikuja baada ya mchanga kusafirishwa kwa miaka mingi.

Wapo watakaosema kazi hii ni ghali, tuwaachie wenye mitambo. Si kweli. Programu kama GROMACS hutolewa bure, na mifano midogo huendeshwa kwa kompyuta ya kawaida. Kinachotakiwa ni vijana wanaojua hisabati, fizikia na kemia.

Kwa hiyo nashauri TPDC na PURA wawe na kikosi chao cha kurudia hesabu hizi pamoja na vyuo vikuu vyetu, na mkataba wowote umlazimishe mwekezaji kukabidhi hesabu zake zote, si majibu peke yake. Mtoto darasani nikimpa alama, hudai kuona njia. Taifa nalo lidai.

Naomba wahusika watujibu kupitia ukurasa huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Msalala, Shinyanga.