Daktari, niulize nilikulia wapi

Mwaka 2019 tulimzika ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, hapa Rumonge. Alikuwa na umri wa miaka 44. Kwa miezi 14 alikuwa akikojoa damu, na miezi hiyo yote alipewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, moja baada ya nyingine. Katika zahanati ya tatu wakamwambia ni kisonono. Shemeji alirudi kwao wiki sita kwa sababu ya neno hilo moja. Mwishowe tulichanga fedha tukamvusha hadi Tanzania. Huko daktari, kijana mdogo tu, kabla hata hajamgusa alimwuliza: "Kaka, ulikulia wapi?" Akajibu: "Ulyankulu, Tabora." Daktari akaweka kalamu chini.

Ndugu msomaji, kama wewe nawe ni mtoto wa Ulyankulu, Katumba au Mishamo, utakuwa umeshaelewa. Wazazi wetu walikimbia mwaka 1972, sisi tukazaliwa huko, tukasoma huko, na jioni baada ya shule tukaoga kwenye malambo pamoja na ng'ombe. Wavulana wengi tulikojoa damu. Hakuna aliyeogopa. Tulitaniana kwamba aliyeona damu ameshakuwa mwanamume, na wakubwa walicheka wakapita. Kile kilikuwa kichocho.

Hapa ndipo penye jambo ambalo waganga wetu wa nyumbani hawana budi kulizingatia. Kichocho cha Burundi, kile cha bonde la Rusizi na mwambao wa ziwa Tanganyika, ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai hutoka na choo kikubwa. Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo mwingine, anayetegemea konokono wa aina nyingine, na hakina makao hapa kwetu. Kwa hiyo daktari aliyesomea Bujumbura akiona damu kwenye mkojo hawazi kichocho, wala simlaumu, kwani kwa mgonjwa aliyezaliwa na kukulia Burundi yuko sahihi. Lakini sisi tuliorejea hatukurudi na mabati na vyeti tu. Tumerudi pia na miili iliyokulia mahali pengine.

Mayai ya mnyoo huyo hunasa katika ukuta wa kibofu na kukaa humo miaka mingi, hata baada ya minyoo yenyewe kufa. Ukuta huwashwa, hupata vidonda, hupona, huumia tena. Baada ya miaka 20 au 30 baadhi ya watu hupata saratani. Si habari mpya. Theodor Bilharz alimgundua mnyoo huyo Cairo mwaka 1851, na mwaka 1911 daktari Ferguson, katika mji huohuo, alieleza wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho na saratani ya kibofu kwa pamoja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha rasmi mwaka 1994 kwamba mnyoo huyo husababisha saratani kwa binadamu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Baada ya mazishi nilianza kusoma kuhusu ugonjwa huu, kwanza kwa uchungu, baadaye kwa mshangao. Kibofu kina nafasi ya pekee katika elimu ya saratani. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, akiwamo Robert Weinberg, walichunguza seli za saratani ya kibofu wakakuta kosa la herufi moja tu ndani ya jeni moja: mahali palipopaswa kuwa na G palikuwa na T. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana mabadiliko mahususi yanayoigeuza jeni ya kawaida ya binadamu kuwa jeni ya saratani. Baadhi ya seli hizo zilitoka kwa bibi kizee wa Sweden. Huwa nawaandikia wanafunzi wangu herufi hizo ubaoni. Herufi moja! Darasa hunyamaza kimya, jambo lisilo la kawaida kwa darasa langu.

Kutoka herufi moja wamefika kwenye kitabu kizima. Mwaka 2017 kundi kubwa la watafiti, miongoni mwa viongozi wake akiwa Seth Lerner, mpasuaji wa njia ya mkojo wa Houston, walitangaza matokeo ya kusoma jeni za uvimbe 412 wa kibofu. Walionyesha kwamba saratani tunayoiita kwa jina moja ina makundi kadhaa, na kila kundi lina tabia yake. Faida ya kazi ya namna hii inaonekana. Watafiti wa Ufaransa walikuwa wamegundua mwaka 1999 mabadiliko katika jeni iitwayo FGFR3, na mwaka 2019, mwaka uleule tuliomzika ndugu yangu, Marekani iliidhinisha dawa ya erdafitinib kwa wagonjwa ambao uvimbe wao umesambaa na una mabadiliko hayo.

Sasa nauliza: katika uvimbe ule 412, wa ndugu yangu uko wapi? Haumo. Wagonjwa wale wengi mno walikuwa wazungu, na huko chanzo kikuu ni sigara. Zaidi ya hapo, watafiti walichagua saratani inayoota kutoka kwenye utando wa kawaida wa kibofu. Ile ya seli bapa tupu, ambayo ndiyo hasa inayoandamana na kichocho, waliiacha nje. Sisemi walifanya kwa ubaya. Mtu huchunguza kilichopo katika hospitali yake. Cha kujiuliza ni sisi tumehifadhi nini katika hospitali zetu.

Mwanza wamejitahidi. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando walichapisha hesabu ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa kanda ya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa, na karibu nusu walikuwa na mayai ya kichocho ndani ya nyama iliyokatwa. Wanawake walikuwa wengi sawa na wanaume, wakati Ulaya ugonjwa huu ni wa wanaume zaidi. Hesabu hiyo ilipatikana kwa darubini na kumbukumbu zilizotunzwa.

Najua nitaambiwa jenomu ni anasa kwa nchi ambayo zahanati zake hukosa hata glavu. Nakubali kwamba mashine ingoje. Lakini swali "ulikulia wapi" halihitaji mashine. Liingizwe kwenye fomu ya mgonjwa, na aliyekulia Tabora, Shinyanga au Mwanza akikojoa damu apimwe mkojo na apigwe picha ya kibofu, kabla ya kupewa kopo la tatu la dawa na jina la aibu. Vilevile vipande vya uvimbe vinavyogandishwa ndani ya nta visitupwe. Nyama iliyo ndani ya nta inaweza kusomwa jeni zake miaka mingi baadaye, na siku watafiti watakapokuja kuiomba, wizara iwe na masharti mkononi: mgonjwa au jamaa zake waridhie, wataalamu wetu washiriki kazi hiyo, na matokeo yarudi hapa. Kama watafiti hawatakubali masharti hayo, nta ibaki kabatini.

Nami nilikwenda kupimwa. Minyoo haikuwapo, ila picha ilionyesha makovu katika ukuta wa kibofu, kumbukumbu ya lambo la Ulyankulu. Sasa narudi kupimwa kila mwaka, kwa gharama yangu, nikianza na kumweleza kila daktari mpya jambo ambalo halimo kwenye fomu yake.

Mwaka jana nilipiga simu katika maabara ile ya Tanzania kuuliza habari za kipande cha ndugu yangu. Binti aliyepokea aliniambia, "Subiri, mwalimu," akaenda kutazama. Kipo kabatini, kina namba yake. Aliisoma taratibu, nikainakili kwenye daftari la maandalio ya masomo.