Abdallah Ni Jina la Mkristo Pia

Liko neno linalosemwa sana katika vijiji vyetu vya Kikristo hapa Bagamoyo, tena husemwa kama jambo lisilo na shaka: kwamba Abdallah ni jina la Kiislamu, na ya kuwa Mkristo hana ruhusa ya kuitwa hivyo. Kijana akija katika darasa la ubatizo, na hilo ndilo jina alilopewa na babaye, huambiwa alitupe kwanza. Baba Mkristo akitaka mwanawe achukue jina la babu yake marehemu, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa pwani hii, wenziwe humcheka, na wengine hunong'onezana kwamba bado hajaamini sawasawa. Mimi nasema neno hilo si kweli, wala si la dini, tena lina madhara. Wasomaji wanivumilie nieleze sababu zangu moja moja.

Kwanza tutazame maana. Jina hili ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyoungana: abd, yaani mtumwa au mtumishi, na Allah, yaani Mungu. Basi Abdallah maana yake ni Mtumwa wa Mungu. Neno abd si geni midomoni mwetu, kwa kuwa katika shina hilohilo yametoka maneno yetu kuabudu na ibada. Kila Jumapili twaitana kwenda ibadani, wala hakuna aonaye vibaya. Akatazaye Abdallah kwa sababu ni Kiarabu, na akataze ibada pia, na sala, na sadaka, na dhambi, na imani, na Masihi. Akiisha kuyaondoa yote hayo, asimame mbele yetu atusomee sala itakayobaki, tuisikie.

Wengine husema, "Lakini Allah ni Mungu wa Waislamu." Ndugu zangu, wako Wakristo katika nchi za Misri, Shamu na Lebanoni ambao mababu zao walibatizwa zamani kabla Wazungu wengi hawajaisikia Injili. Hao husoma Biblia kwa Kiarabu, na pale tusomapo sisi "Mungu" wao husoma "Allah". Je, tuwaambie kwamba hawajui jina la Mungu wao?

Tena tufungue Agano la Kale. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 18, tunasoma habari za Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, aliyewaficha manabii 100 pangoni, 50 huku na 50 huku, akawalisha wakati Yezebeli alipotaka kuwaua. Obadia maana yake ni mtumwa wa Bwana. Abdallah ni ndugu yake, shina moja na maana moja. Mtume Paulo naye, aanzapo waraka wake kwa Tito, hujitaja kuwa mtumwa wa Mungu, na Yakobo aanza waraka wake vivyo hivyo. Wajerumani, waliokuwa na boma lao kuu hapa Bagamoyo hata 1891, wanalo jina la zamani Gottschalk, na maana yake ni hiyohiyo. Mtoto akiitwa Obadia twafurahi, akiitwa Gottschalk twadhani ni jina la heshima kwa kuwa limetoka Ulaya, lakini akiitwa Abdallah twakunja uso. Hapo tunachochukia si maana ya jina, ila sauti yake tu.

Sababu ya pili ni ya historia. Watu husema jina hili lililetwa na Uislamu. Haiwezekani. Baba yake Muhammad mwenyewe aliitwa Abdallah, mwana wa Abdul-Muttalib, naye kwa mapokeo ya Waislamu alikufa kabla mwanawe hajazaliwa, karibu na mwaka 570. Muhammad alianza kuhubiri karibu na 610. Basi jina lilikuwako miaka mingi kabla ya dini hiyo. Tena katika mji wa Najrani, kusini ya Arabuni, Wakristo wengi waliuawa karibu na 523 na mfalme Dhu Nuwas kwa kukataa kuiacha imani yao. Na masimulizi ya Waarabu Waislamu wenyewe yamtaja Abdallah bin Thamir kuwa mkuu wa Wakristo wa mji ule. Fikirini neno hili: Waislamu wanakiri kwamba alikuwako Abdallah Mkristo aliyekufa kwa ajili ya imani, na sisi Wakristo tunakana.

Wala hakuwa wa mwisho. Huko Baghdadi aliishi Abdallah ibn al-Tayyib, kasisi, tabibu na mwanachuoni, aliyeandika maelezo ya Maandiko Matakatifu kwa Kiarabu, alikufa 1043. Abdallah Qarali alikuwa askofu wa Wamaroni wa Beirut, akafa 1742. Abdallah Zakher, mzaliwa wa Aleppo, alitengeneza kwa mikono yake herufi za chapa za Kiarabu, akaweka mashine katika monasteri ya Mtakatifu Yohana huko Khinshara, Lebanoni, ili Wakristo wa lugha yake wapate vitabu, alikufa 1748. Nasi tusomao karatasi iliyochapwa na misioni tungepaswa kumheshimu mtu wa namna hii.

Na katika Afrika yetu wasomaji wa zamani wa UMCA hawatakosa kulijua jina la Padre Yohana Barnaba Abdallah, Myao, aliyesoma Kiungani katika Unguja, akapewa ukasisi 1898, akafanya kazi Unangu katika nchi ya Msumbiji. Ndiye aliyeandika habari za kabila lake katika kitabu Chiikala cha Wayao, kilichochapwa Zomba 1919. Alisimama altareni miaka mingi akiitwa Abdallah, wala jina lake halikumzuia kutoa sakramenti.

Sasa nijibu maneno ya wapinzani wangu, kwa maana najua watakayosema.

Watasema, "Ubatizo ni kuzaliwa upya, aliyezaliwa upya apate jina jipya. Bwana Yesu alimwita Simoni Petro." Ni kweli alimwita hivyo. Lakini Andrea na Filipo ni majina ya Kiyunani, na la pili maana yake ni mpenda farasi, hakuyabadili. Paulo naye hakubadilishiwa jina siku ya kubatizwa kwake. Matendo ya Mitume humwita Sauli hata mlango wa 13, alipokuwa amekwisha kuhubiri muda mrefu. Na katika nyaraka zake Paulo amtaja Epafrodito, mwenzi wake mpendwa, ambaye jina lake limetoka kwa Afrodite, mungu mke wa Wayunani, na Apolo, ambaye jina lake latokana na jina la mungu Apollo. Hakuwaamuru wayaache. Kanisa lenyewe lina Mtakatifu Martini, ambaye jina lake latoka kwa Mars, mungu wa vita wa Warumi. Na Mtakatifu Isidori, maana yake kipawa cha Isis, mungu wa Wamisri. Kanisa halikuogopa majina yenye harufu ya sanamu, kwa kuwa lilijua ya kuwa mtu mtakatifu hulitakasa jina lake. Je, sisi tuliogope jina linalomtaja Mungu mmoja aliyeumba mbingu na nchi?

Watasema, "Sheria za Kanisa zakataza." Nazo tuzitazame. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwaagiza maparoko wajitahidi mbatizwa apewe jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia jina jingine, basi liongezwe jina la mtakatifu, na yote mawili yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Yaandikwe yote mawili, si kwamba moja lifutwe. Sheria ya 1983 yataka tu lisitolewe jina lililo geni kwa fikira za Kikristo. Nani atathubutu kusema kuwa mtumwa wa Mungu ni jambo geni kwa fikira za Kikristo?

Watasema, "Watu hawatamjua kuwa ni Mkristo." Lakini tangu lini Mkristo ametambulikana kwa jina? Magereza yana akina Petro na akina Yosefu wa kutosha. Mwenye kutaka kujulikana kuwa ni Mkristo, na asiibe, asiseme uongo, amtunze mkewe, alipe deni lake. Hapo jirani zake Waislamu watamjua bila kuuliza jina.

Na wengine, wenye uchungu zaidi, watasema, "Jina hili ni la Waarabu waliotuuzia mababu." Neno hili silidharau, maana hapa Bagamoyo biashara ile haikuwa hadithi ya mbali. Lakini tupime kwa kipimo kimoja. Mwingereza John Hawkins alipokwenda Afrika ya magharibi 1564 kuchukua watumwa, aliwapakia katika merikebu iliyoitwa Jesus. Yeye mwenyewe jina lake lilikuwa Yohana. Je, tulikatae jina la Yohana? Je, jina lile lililo juu ya kila jina limetiwa uchafu na ubao wa merikebu? Hasha! Dhambi ni ya mtu, wala haishiki jina.

Wala si kweli kwamba waliobeba jina hili katika pwani yetu walikuwa wauza watu tu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate ndiye aliyetunga Al-Inkishafi, utenzi unaosifiwa na wote wajuao Kiswahili. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karani wa watawala wa Usambara, aliandika Habari za Wakilindi, na kitabu hicho kilichapwa kwanza na mashine ya misioni ya UMCA, kuanzia 1895. Mapadre wale hawakuona haya kuliweka jina la Abdallah juu ya kazi ya mikono yao.

Lakini hoja iliyo kubwa kwangu imetoka papa hapa kwetu. David Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwezi wa Mei 1873, watumishi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga katika gome, wakauchukua zaidi ya maili 1,000 hata pwani. Wakuu wa safari ile walikuwa Chuma na Abdallah Susi. Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wamzike papo hapo, wakakataa. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na mwili ukapokewa misioni. Tarehe 18 Aprili mwaka uleule ulizikwa London, katika Westminster Abbey. Susi huyo alibatizwa Unguja 1886, akachagua jina Daudi, ndilo jina la Livingstone, akafa 1891. Kuchagua kwake ni haki yake, wala simlaumu. Ila nauliza: aliyeubeba mwili ule miezi tisa, katika njaa na homa, alikuwa Daudi au Abdallah? Mahujaji na wageni huonyeshwa mahali pale, na Wakristo wa mji huu hujivunia. Basi tusiipende kazi huku tukilichukia jina la aliyeifanya.

Tena neno mtumwa katika mji huu lina uzito wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misioni 1868, wakakusanya watumwa waliokombolewa, watoto wasiojua tena baba zao, wakawabatiza kwa majina ya watakatifu. Upande mwingine wa mji, ilikuwa desturi ya Waislamu kwamba mtu aliyesilimu, na baba yake hakuwa Mwislamu au hajulikani, aitwe "bin Abdallah". Sheikh Ramiya, mkuu wa tarika ya Kadiria, aliyefariki 1931, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa; na jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah. Yahya ndiye Yohana kwa Kiarabu. Tukilifasiri lote, ni Yohana, mwana wa Mtumwa wa Mungu. Watu wa misikiti na watu wa misioni, wote waliokuwa wamenyang'anywa baba zao, walikimbilia kwa Mungu mmoja wapate jina. Na mtu aitwaye mtumwa wa Mungu asema kwa jina lake kwamba hana bwana mwingine.

Kumwambia mjukuu wa watu hao alitupe jina la babu yake ni kumnyang'anya mara ya pili. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nao hawakukusudia mtumwa wa Mungu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu na wazee wa vijiji, mambo matatu. Kijana ajapo na jina hili, msimwulize kwa nini analo. Mwulizeni kama anajua maana yake, na asipojua mfundisheni. Akitaka kuongeza jina la mtakatifu, na aongeze, yaandikwe yote mawili katika kitabu cha ubatizo kama yalivyo katika daftari la shule, asije akawa mtu wa vyeti visivyopatana. Na watoto wakimcheka mwenzao kwa jina hilo, wakanywe kama wakanywavyo wanaomcheka kilema.

Na aliye na jibu la kupinga maneno haya, na alete. Lakini asituletee "ndivyo tulivyosikia". Atuonyeshe katika Maandiko mahali palipoandikwa kwamba ni aibu kuwa mtumwa wa Mungu.

Mwalimu,
Dunda, Bagamoyo.