MBAO ZA KUKALIA SI VITI



Katika mikutano yetu tumezoea kusema juu ya mshahara, nyumba, likizo na saa za kazi. Ni vyema, na tutaendelea kusema. Lakini kuna jambo moja ambalo likitajwa mkutanoni watu hucheka, na mwenye kiti hugeuza karatasi akaenda jambo lingine. Nalo ni hili: mfanya kazi akitoka kazini, akitaka kutazama picha au mchezo au mpira pamoja na wenzake, anakalia nini? Atakaye kucheka na acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Nendeni Kibera, iwe Laini Saba, iwe Makina au Gatwekera. Nendeni Kawangware, upande wa Gatina au kule 46. Kila mmoja wetu anakijua kibanda cha video. Ni chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa gunia ili nuru isiingie, mlango ni mmoja, na mlangoni kuna pazia na kijana wa kupokea shilingi 20 au 30. Ndani mna mbao zilizopigiliwa misumari juu ya vigingi, au zimewekwa juu ya mawe na makreti ya soda. Hazina pa kuegemea. Mgongo wako unaegemea magoti ya mtu aliye nyuma, na magoti yako yamo mgongoni mwa mtu aliye mbele. Kwa Kibera ongeza jambo moja: gari la moshi likipita, mabati yote hulia na mbao hutetemeka, na sisi wa reli tunatazamwa kana kwamba sisi ndio tulioileta njia ile katikati ya watu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina matusi. Chukua ubao wa futi 8. Siku ya mechi kubwa ubao huo hukaliwa na watu 9. Futi 8 ni inchi 96. Gawanya kwa 9, utapata chini ya inchi 11 kwa mtu mmoja. Ni mtu mzima gani mwenye mabega ya inchi 11? Hata mtoto wa darasa la tano hatoshi. Basi watu hukaa upande upande, bega moja mbele na bega moja nyuma, kama samaki katika kikapu, saa mbili nzima. Na mtu huyu amesimama tangu asubuhi! Wengine wamebeba mawe ya nyumba za Lavington na Kileleshwa. Wengine wamesimama mbele ya mashine Industrial Area, na kwenda na kurudi kwa miguu. Wengine ni wenzetu waliokuwa wameinama juu ya taruma na nati tangu alfajiri. Mgongo uliokwisha kazini unalipishwa kiingilio ili uumizwe tena.

Liko jambo la kuudhi kuliko hilo. Kwa miaka mingi, mtu apitaye Ngong Road ameona makochi mazuri yamepangwa kando ya barabara, yenye sponji na vitambaa vya maua, yakingoja wenye magari. Ni nani aliyeyatengeneza? Ni mafundi, na wengi wao walala Kibera na Kawangware. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akipigilia kochi la tajiri, jioni ajikalia ubao wa kreti! Twauliza, je, ni haki? Tena isisemwe ya kwamba ufundi haupo. Ufundi upo pale pale, hatua mia chache kutoka kibanda.

Kuna mabwana watakaotuambia, “Nunueni televisheni, mkae nyumbani.” Bwana asemaye hivyo hajaingia chumba cha futi 10 kwa 10 chenye baba, mama, watoto wanne na jiko. Tena hajui ya kwamba mtu haendi kibandani kwa ajili ya picha peke yake. Anakwenda kucheka na wenzake. Anakwenda kumsikia DJ Afro akiigeuza picha ya Kichina au ya Kihindi iwe maneno ya nyumbani. Anakwenda kuzomea refa. Mwenye mali ana klabu yake, naye hatumwambii akae nyumbani.

Wengine husema ya kwamba ubao ni matokeo ya umaskini tu, hakuna aliyekusudia. Hapo twakataa kabisa. Katika mji huu wa Nairobi kiti kilipangwa tangu zamani, na aliyekipanga alijua anamkalisha nani wapi. Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Viti vyake viliwekwa kwa ajili ya nani, wakati Mwafrika alihitaji ruhusa ili atembee mjini usiku? Kwetu Waafrika ililetwa gari ya sinema. Ilisimama uwanjani, ikatundika kitambaa, tukaonyeshwa namna ya kunawa mikono na namna ya kufuga kuku, na kiti chetu kilikuwa majani. Wazee wetu waliketi chini wakafurahi, kwa sababu ilikuwa bure na hapakuwa na kingine. Sisi hatuwalaumu. Katika reli nako ilikuwa hivyo hivyo: daraja la kwanza mito, daraja la tatu mbao. Waliotuelimisha misheni walitusomesha Waraka wa Yakobo, ambamo wanakemewa wale wanaomkaribisha tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini asimame au akae chini miguuni. Halafu sala ikiisha tulipanda gari lile lile la daraja tatu, na padre akapanda la kwanza.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Je, viti vilikuja? Oktoba 1976 mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ulionyeshwa National Theatre, lakini ulipewa siku chache tu, kwa kuwa siku nyingine zilikuwa zimewekewa michezo ya wageni. Ukumbi ulijaa. Katika jumba lililoitwa la taifa, mchezo wa taifa ulipimiwa nafasi kama posho.

Basi tazameni waliyoyafanya wafanya kazi na wakulima wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Habari hii kila tawi lingefaa kuijua. Watu wale, wengine wao vibarua wa mashamba ya chai na wafanya kazi wa kiwanda cha viatu, hawakungoja jumba la mtu. Walikutana siku za Jumamosi na Jumapili, ili kazi isiharibike, wakajenga jukwaa lao wenyewe lenye ukuta wa mianzi nyuma yake. Na viti? Walitengeneza viti virefu vya mbao, vikapandishwa safu juu ya safu kama ngazi, hata aliye nyuma kabisa akaona vizuri bila kumpanda mwenziwe. Nafasi ya watu zaidi ya 2,000! Oktoba mwaka ule wakaanza kucheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa lugha yao, juu ya mshahara na ardhi. Novemba leseni ikafutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka, akawekwa kizuizini bila kesi karibu mwaka mzima. Machi 1982 polisi wakaja wakabomoa uwanja ule wote.

Tafadhali mfikirie jambo hili vizuri. Serikali yenye jeshi na magereza iliogopa nini pale? Mbao? Wafanya kazi walikuwa wamekaa vizuri, wote pamoja, kila mtu akimwona mwenziwe na kumsikia, wala hapakuwa na safu ya mabwana mbele. Waliokaa namna hiyo huanza kuzungumza. Na wale wanaobanwa kama samaki gizani, wakisikia joto na kutaka kutoka, picha ikiisha hukimbilia nje bila kusemezana.

Tena sisi wa vyama tusisahau. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya umati akataka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hakusimama hotelini. Alisimama katika ukumbi wa mtaa wa watu wa kazi, na kabla mwezi wa pili haujaisha alikuwa amekamatwa, na Nairobi ikagoma. Upande wa mashariki wa mji, ambako wengi wetu wa reli tulipangiwa nyumba, walau kulijengwa kumbi za mitaa. Kibera na Kawangware zilikua bila kupangiwa, na ukumbi ukaachiwa mtu mwenye mabati na jenereta.

Juu ya huyo mwenye kibanda tuseme kwa haki. Yeye si adui wetu. Naye hulipa kodi ya chumba, hulipa stima, hulipa leseni ya picha, na akiondoa mbao mbili ili watu wakae vizuri, kiingilio cha watu 18 kimepotea. Twamwelewa. Lakini jambo moja hatutamsamehe, nalo ni mlango. Tumeingia kibanda kimoja Kawangware, ambacho jina lake hatulitaji, mchezo ukaanza, na mlango ukafungwa kwa mnyororo kwa nje ili wasiolipa wasipenye. Ndani mbao zilikuwa zimejaa mpaka ukutani, hata njia ya kupita haikuwako. Nyaya za umeme zilikuwa zikining'inia juu ya gunia. Watoto wa shule walikuwamo, maana ilikuwa likizo.

Hatusemi haya kwa kutishana. Mjini Delhi, Uhindi, tarehe 13 Juni 1997, moto ulitoka katika transfoma chini ya sinema iitwayo Uphaar, na moshi ukapanda juu kwenye balkoni. Watu 59 walikufa. Mahakama ilipochunguza ilionekana ya kwamba viti vilikuwa vimeongezwa kule balkoni, na njia moja ya kupita ilikuwa imezibwa kwa viti hivyo. Viti, ndugu! Tamaa ya kuongeza tikiti chache. Na hilo lilikuwa jumba la matofali, lenye wakaguzi, katika mji mkuu. Chicago, Marekani, mwaka 1903, watu zaidi ya 600 walikufa katika jumba la michezo ambalo lilisifiwa ya kwamba haliwezi kuungua, na baada ya hapo ndipo nchi nyingi zikaanza kukaza sheria za milango. Sasa pimeni wenyewe chumba cha mabati chenye mlango mmoja na mnyororo.

Serikali haichoki kukagua picha. Tangu siku za Mkoloni picha imepimwa, hii Mwafrika aione, hii asiione. Mpaka leo picha hupimwa, ina matusi, haina matusi, inafaa mtoto, haifai. Sawa. Lakini nani aingiaye na utepe kupima ubao, akahesabu watu, akasukuma mlango aone unafunguka upande gani? Katika vibanda tuvijuavyo hatujamwona. Waliojali sana macho yetu waliusahau mgongo, wakasahau na mapafu.

Najua watakaosema, na hasa vijana wetu wasomi, ya kwamba National Theatre ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2015, na Ngaahika Ndeenda yenyewe ikaonyeshwa pale Mei 2022. Tulifurahi. Lakini ukitoka Kawangware jioni, nauli ya kwenda, tikiti, na nauli ya kurudi usiku inapopandishwa, umekwisha kula unga wa siku kadhaa. Mwingine atasema hata Wazungu hukaa pagumu: huko Bayreuth, Ujerumani, jumba la mwaka 1876 lina viti visivyo na mikono, na wenye mali huenda na mito yao. Kweli, lakini kuna milango pembeni, na tajiri anayetaka kuumia kwa mapenzi yake hatumzuii.

Twataka nini basi? Twataka Serikali ya Kaunti ijenge ukumbi mmoja Kibera na mmoja Kawangware, wenye viti vya kuegemea, inchi 18 kwa kila mtu, njia ya kupita pande zote mbili, na milango miwili inayofunguka kwa nje. Ukumbi huo utumike kwa michezo, picha, mpira, na mikutano ya vyama bila kuombewa ruhusa mara tatu. Twataka chama chetu kiliandike jambo hili pamoja na madai ya nyumba, kwa kuwa kampuni na serikali husema daima ya kwamba mapumziko ya mfanya kazi yanaijenga kazi. Na wakati tunangoja, tunao maseremala wetu. Tawi linaweza kuzungumza na wenye vibanda watakaokubali: mnyororo utoke, mlango wa pili ukatwe, na sisi tutawapigilia migongo ya benchi Jumapili mbili, mbao juu yao, kazi juu yetu.

Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama akaaye Kibera au Kawangware na aingie kibanda cha mtaani kwake, alipe kama watu wengine, kisha aandike mambo manne: urefu wa ubao na idadi ya watu walioukalia, idadi ya milango, mlango unafunguka ndani au nje, na hatua ngapi toka ubao wa nyuma hadi nje. Asiandike jina la mwenye kibanda. Karatasi apewe katibu wa tawi. Asiye na utepe ataazimwa karakanani, lakini urudi.