Kinanda cha Sauti Nyingi: Hesabu Kwanza, Muziki Baadaye

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mtu huyanunua kwa macho, na mengine huyanunua kwa masikio. Kinanda cha umeme kina hatari zaidi, kwa kuwa hununuliwa kwa vyote viwili. Macho huvutwa na taa na vifundo, masikio hulewa kwa mlio wa dukani, na mfuko ndio unaobaki kujibu. Wiki hii ukurasa wetu unakitazama chombo kiitwacho sinthesaiza ya analogi ya sauti nyingi, ambacho vijana wetu wa Nabuyoga, na wenzao wa Malaba na Busia pande zote mbili za mpaka, wameanza kukiulizia.

Swali limetoka katika kikundi kimoja cha kwaya. Kwa misimu kadhaa wanakikundi wameweka akiba itokanayo na karanga, mtama na malipo madogo ya kuimba arusini. Vijana wanataka sinthesaiza. Mweka hazina wao, mama wa makamo anayetunza daftari lake vizuri, anauliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kununulia mashine ya kupukuchua mahindi. Swali la mama huyu si la kubezwa. Fedha ya kikundi ni jasho la wengi, na ununuzi wa siku moja usiofikiriwa waweza kuvunja umoja wa miaka mingi.

Kwanza, tukijue chombo chenyewe. Katika kinanda cha dijitali, kompyuta ndogo iliyomo ndani hukokotoa tarakimu, kisha tarakimu hizo hugeuzwa kuwa sauti. Katika sinthesaiza ya analogi, umeme wenyewe ndio unaotetemeka. Ndani yake mna osileta inayozaa mawimbi, kichujio kinachopunguza ukali wa mlio, na amplifaya ndogo inayoamua sauti ipande na kufifia kwa namna gani. Mpigaji huzungusha vifundo na kuunda mlio wake mwenyewe, badala ya kuchagua tu ule uliokwisha kutiwa kiwandani.

Jambo la kukumbuka ni hili: katika analogi, kila noti inayolia kwa wakati mmoja na nyingine huhitaji mtambo wake kamili. Fikiria cherehani. Ukitaka nguo nne zishonwe kwa saa ile ile, yakupasa uwe na cherehani nne. Vivyo hivyo, sinthesaiza ya sauti nne ina mitambo minne ndani yake, na ya sauti kumi na mbili ina kumi na miwili. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya bei kupanda. Kinanda cha kawaida cha dijitali cha kwaya, kama vile baadhi ya vile vya Yamaha vya aina ya PSR-E, chaweza kutoa noti 48 pamoja kwa bei ndogo, maana kwake noti moja zaidi ni hesabu moja zaidi tu.

Historia yathibitisha hayo. Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits ya California, iliyoanzishwa na Dave Smith, ilitoa Prophet-5, sinthesaiza ya sauti tano iliyoweza kuhifadhi milio katika kumbukumbu yake. Ilipendwa sana, lakini ilikuwa ghali. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, ya dijitali, yenye noti 16, na soko likahama. Kwa miaka mingi analogi ya sauti nyingi ikawa kama imezikwa. Ilirejea polepole: Dave Smith alitoa Prophet '08 mwaka 2007, na mwaka 2016 kampuni ya Korg ya Japani ikatoa Minilogue, ndogo na ya bei iliyokaribia kufikika. Toka hapo wateja wamepata nafasi ya kuchagua, na pia ya kuchanganyikiwa.

Basi na tulinganishe, tukitumia bei zilizotangazwa Marekani siku vyombo hivyo vilipotoka. Minilogue ya mwaka 2016 ilikuwa na sauti nne na funguo 37 nyembamba, kwa dola zipatazo 500. DeepMind 12 ya Behringer ilikuwa na sauti 12 na funguo 49 za upana wa kawaida, kwa dola 999. Prophet Rev2 ya mwaka 2017 ilikuwa na funguo 61, kwa dola 1,499 yenye sauti nane na dola 1,999 yenye sauti 16. Prophet-5 mpya ya mwaka 2020 ilikuwa na sauti tano na funguo 61, kwa dola 3,499.

Ukigawa bei kwa idadi ya sauti, utaona ya Behringer iligharimu kama dola 83 kwa kila sauti, ya Korg 125, Rev2 ndogo 187, na Prophet-5 karibu 700. Bei za leo dukani ni nyingine, lakini namna ya kuhesabu ni ile ile. Hesabu hii haisemi kwamba cha bei ndogo ndicho bora. Inakulazimisha kumwuliza muuzaji: hizo fedha za ziada zanunua nini? Katika Prophet-5 zanunua osileta za namna ya zamani, ujenzi madhubuti, na mlio ambao wapigaji wengi wanaupenda. Je, waimbaji wa arusi za Nabuyoga wanauhitaji mlio huo hasa? Hilo watalijibu wenyewe.

Sasa tuhesabu sauti tunazohitaji. Kwaya ina sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Hizo ni nne, na mtu aweza kudhani kwamba sinthesaiza ya sauti nne yatosha. Inatosha maadamu noti zinakatika mara kidole kinapoinuka. Lakini milio mizuri ya kusindikiza wimbo wa taratibu huendelea kufifia baada ya kidole kuondoka. Ukipiga noti nne mpya huku nne za kwanza bado zinafifia, chombo hunyang'anya mitambo ya noti za zamani, na msikilizaji husikia wimbo ukikatwa kama uzi. Kwa kazi ya kusindikiza kwaya, sauti nane ndizo kiasi cha kuanzia. Nne zamfaa mwanafunzi anayejifunza kuunda milio, au mpigaji wa besi na nyimbo za noti chache.

Kuna la pili. Mpigaji aliye peke yake hupenda mkono wa kushoto utoe besi na wa kulia utoe mlio mwingine. Rev2 huweza kugawa funguo zake hivyo, lakini sauti nazo hugawanyika: yenye 16 huwa nane kwa nane, na yenye nane huwa nne kwa nne. DeepMind 12, pamoja na wingi wa sauti zake, hutoa mlio wa namna moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usiulize idadi peke yake. Uliza pia idadi hiyo yatumikaje. Rev2 ya sauti nane ilitengenezwa ili iweze kuongezewa kadi ya sauti nane nyingine baadaye, na hiyo ni faida kwa kikundi kinachojenga kidogo kidogo.

Tuje kwenye gharama zisizoandikwa kwenye kibandiko cha bei. Vyombo hivi nilivyovitaja havina spika ndani. Ukikifikisha nyumbani na kukiwasha bila spika wala vifaa vya masikioni, kitakutazama kimya. Ongeza basi spika yenye amplifaya, nyaya, kisimamio na mfuko imara wa kukibebea kwenye pikipiki. Zaidi ya hayo, sinthesaiza ya analogi haina ngoma za kujipiga zenyewe wala mlio halisi wa piano, vitu ambavyo wengi wamevizoea katika vinanda vya kanisani. Anayevihitaji hivyo na akanunua analogi, amenunua jembe kwa kazi ya shoka.

Umeme nao una masharti yake. Hapa Uganda na ng'ambo ya mpaka huko Kenya, umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutaka volti 100, na cha Marekani 120. Vingine hupokea volti zote hizo vyenyewe, lakini si vyote. Kabla ya kuchomeka, soma kibati kilicho nyuma ya chombo au juu ya adapta yake. Kukosa kusoma mstari mmoja kwaweza kuunguza akiba ya misimu mitatu kwa nukta moja.

Palipo na sola, fanya hesabu ya wati. Tuseme chombo chala wati 30 na spika yala 100. Kwa saa nne za arusi hiyo ni mara nne ya 130, yaani wati-saa 520. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba kama wati-saa 1,200, lakini ile ya asidi haifai kutumiwa kupita nusu yake, la sivyo hufa mapema. Zinabaki 600, zinatosha, ila kwa shida, na bila taa. Aidha tumieni inveta ya mawimbi laini, kwani zile duni huweza kuingiza mngurumo katika spika.

Joto pia si la kupuuzwa. Baadhi ya osileta za analogi huteleza kidogo joto linapobadilika. Chini ya paa la bati saa nane mchana, noti yaweza kupanda au kushuka. Vyombo vya siku hizi vina kitufe cha kujirekebisha. Kiwasheni mapema, kipate joto, kisha mkirekebishe kabla ya wimbo wa kwanza. Rev2 na DeepMind hutumia osileta zinazoongozwa kwa dijitali, nazo hutulia zaidi. Wanaopiga pamoja na nyatiti au ngoma zetu watazame pia kama chombo kinaruhusu kubadili mpangilio wa noti, kama Minilogue xd iruhusuvyo, maana nyatiti hukazwa kufuata koo la mwimbaji, wala haikukazwa kufuata kiwanda.

Wapo watakaoshawishiwa na vyombo vikuukuu. Tahadhari! Korg Polysix ya mwaka 1981 ina betri ya kumbukumbu ambayo huvuja na kula sakiti. Roland Juno-106 ya mwaka 1984 inajulikana kwa vipande vyake vya sauti vinavyokufa kimoja kimoja. Anayenunua mkuukuu bila kubonyeza kila ufunguo, mmoja baada ya mwingine, ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu mpaka, wengi hudhani kwamba kitu kilichonunuliwa Nairobi huingia Uganda bila kodi. Nafuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya. Kinanda cha Japani hakiwi cha Kenya kwa kulala usiku mmoja katika duka la Luthuli Avenue. Ushuru huhesabiwa juu ya bei ikijumlishwa na nauli na bima, na hapa kwetu kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Ulizeni forodha kabla ya kulipa dukani, na mdai stakabadhi. Njia ya panya hukipitisha chombo, lakini hukinyima karatasi ya umilikaji na dhamana ya matengenezo.

Na matengenezo je? Mjini Kampala yuko Brian Bamanya, ajulikanaye kwa jina la Afrorack. Alipoona sinthesaiza za kununua ni ghali mno, alijifunza kwa michoro iliyomo katika intaneti na kujiundia mwenyewe mtambo wa analogi kwa vipuri alivyoweza kuvipata. Mwaka 2022 albamu yake ilitolewa na Hakuna Kulala. Kila kikundi hakitazamiwi kujiundia kinanda, lakini mfano huu waonyesha kwamba sakiti za analogi zaweza kueleweka kwa mtu mwenye bidii, hapa hapa kwetu. Kikundi kinachonunua na kimtume kijana mmoja kujifunza kushika chuma cha kulehemu, na kupima umeme kwa usalama.

Alhasili, namjibu mama mweka hazina kwa hesabu. Chukua gharama yote: chombo, spika, umeme, ushuru na usafiri. Igawe kwa fedha zinazobaki kila arusi baada ya kuwalipa wapigaji na nauli. Tuseme gharama ni shilingi milioni nne, na kila arusi huacha shilingi laki moja. Zahitajika arusi 40. Kikundi kinachoitwa mara kumi kwa mwaka kitangoja miaka minne. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa mashine ya mahindi, kisha ziwekeni mbili hizo mbele ya wanakikundi wote. Kama mashine inarudisha fedha katika mavuno mawili, itangulie, nayo italipia kinanda.

Na ikiwa kura ni ya muziki, ushauri wangu ni huu. Kikundi kisicho na kinanda chochote na kianze na cha dijitali chenye spika zake. Kikundi kilicho nacho tayari, na spika, na mpigaji mwenye hamu ya kuunda milio yake, ndicho kitafute analogi ya sauti nane au zaidi, chenye volti zinazotufaa, kutoka kwa muuzaji atoaye dhamana. Mali bila daftari hupotea bila habari; basi daftari la mama na liende dukani pamoja na masikio ya vijana.

Hadi wiki ijayo, ndugu msomaji, nakutakia nyumba yenye amani na nyimbo.