Balizi ya hatari kwenye boti: nani atasikia ile alama?

Vijana wenzetu wa Kalemie,

Kila mara watu wanapopanga kutoka na boti siku ya Yenga, kwenda kutembea upande wa Kabimba ama kufika mpaka Moba, swali moja linarudi kwenye magrupu yetu: tununue balizi gani? Balizi njo ile mashini ndogo ya rangi ya machungwa ama ya njano; ukiiwasha, inatuma alama ya hatari kwa satelaiti. Swali ni zuri. Jibu tuko nalo, lakini haliishii dukani.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika iko na urefu wa kilomita karibu 670, na upana wa kilomita 50 hivi. Ukishaacha mji, simu inapoteza rezo. Motere ikizimika pale, ama upepo wa kusini ukiinuka, hakuna anayejua. Mama nyumbani anafikiri umeshafika, na yule anayekungoja Moba anafikiri haujaondoka. Siku nzima inapita hivyo. Na maji yetu si ya baridi kama bahari ya Ulaya: juu iko nyuzi karibu 25, mtu mwenye jile, hata mwenye kushika bidoni tupu, anaweza kuvumilia masaa mengi. Watu wako bado wazima, kinachokosekana ni mtu wa kujua wako wapi. Juu ya hiyo balizi iko na maana hapa kwetu kuliko watu wanavyofikiri.

Sasa, ya kuchagua. Inayotakiwa ni ya 406 MHz, inayosikilizwa na mtandao wa Cospas-Sarsat. Mtandao huo ulianzishwa na Umoja wa Kisovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa, na kutuma alama ya hatari hakulipiwi hata franga moja. Mtu akikuuzia ya zamani inayotuma kwa 121.5 MHz peke yake, hata kama ni bei ya chini sana, umwachie: satelaiti ziliacha kusikiliza hiyo tangu tarehe 1 Februari 2009. Tena uangalie kama iko na GPS ndani. Bila GPS, satelaiti zinakisia tu, na makosa yanaweza kufika kilomita 5. Yenye GPS inaonyesha mahali kwa karibu mita 100. Kilomita 5 usiku, kwenye mawimbi, kwa kutafuta kichwa cha mtu! Hapo usihesabu dola.

Kisha kuna aina mbili. Ile ya mfukoni (PLB) inauzwa kwa kawaida dola 300 mpaka 400, inafunguliwa kwa mkono, inatuma kwa masaa 24 angalau. Kwa grupu la vijana sita kwenye boti ndogo, hiyo inatosha, ila ifungwe kwenye jile ya mtu, isiachwe ndani ya sako. Sako itazama na boti. Ile kubwa ya chombo (EPIRB) inatuma kwa masaa 48 angalau. Iko nayo yenye kasha linalofunguka lenyewe chombo kikizama, kati ya mita 1.5 na 4 chini ya maji, balizi inapanda juu na kuanza kutuma bila mtu kuigusa. Hiyo njo ya balenyeri na ya meli, kwa sababu usiku wa ajali hakuna mtu atakayekumbuka kitufe. Zile mashini za kuandikiana mesaji kwa satelaiti ni nzuri, lakini zinataka abonema, na sisi tunajuana: mwezi wa tatu hakuna anayelipa.

Jambo ambalo wauzaji hawasemi: kila balizi iko na kodi ya nchi ndani yake. Ya Congo ni 676. Ukinunua iliyotumika, imetoka Dubai ama Ulaya na kodi ya huko, wale watakaoulizwa jina la mwenye balizi ni watu wa nchi ile, na wao hawakujui. Ibadilishwe kodi, kisha iandikishwe na namba za simu mbili za watu wanaobaki nchi kavu. Alama nyingi zinazofika ni za bure, mtu amegusa vibaya. Kwa hiyo waokoaji wanaanza kwa kupiga simu. Namba yako isiitike, wanapoteza muda wako.

Lakini tuseme ukweli wote. Desemba 2014, meli Mutambala ilizama kwenye ziwa hili hili, ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 120 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, Merdi ilitoka Minova ikapinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Watu walikuwa kwenye mwalo, wanachukua video. Kila mtu alijua boti iko wapi, na makumi ya watu walikufa. Pale balizi isingesaidia kitu. Mwenye chombo anayejaza watu juu ya magunia, kisha anatuonyesha balizi mpya, anatuchezea.

Na alama ikishapanda kwa satelaiti, inarudi chini kwa nani? Inapelekwa kwa ofisi ya nchi. Kutoka pale mpaka kwenye maji mbele ya Kalemie, lazima kuwe na mtu wa kuamshwa, boti yenye mafuta, na ruhusa ya kutoka usiku. Kenya, Uganda na Tanzania, kisha vifo vingi kwenye ziwa Victoria, ziliamua kuweka kituo cha uokoaji cha pamoja Mwanza. Ziwa letu liko na nchi nne. Boti ya karibu siku ile inaweza kuwa ya Kigoma.

Kwa hiyo tunaomba, na tutarudi kuomba: komisaria ya ziwa itangaze namba moja inayoitikiwa saa 24, na ibandikwe kwenye kila mwalo. Jimbo liweke boti moja ya uokoaji yenye mafuta yasiyoguswa kwa kazi nyingine. Balenyeri yoyote inayobeba abiria kutoka Kalemie isipewe karatasi ya safari bila balizi ya kasha, yenye kodi 676, na jile ya kila mtu. Motere moja kubwa ni maelfu ya dola. Wenye vyombo wasituambie balizi ni ghali.

Wenye kutoka Yenga hii bila balizi: mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina ya wote, rangi ya boti, kule mnaenda na saa ya kurudi. Mpatane kabisa kwamba masaa mawili yakipita bila habari, anaenda mwenyewe bandarini kubisha mlango.