Damu ya Ryansoro nayo isomwe

Naomba niseme jambo linalotugusa sisi wa Ryansoro, huku Gitega, Burundi. Kwa miaka mingi tumezoea kuhesabu wagonjwa. Mwaka 2017 serikali yetu ilitangaza mlipuko wa malaria, tukatajiwa mamilioni ya wagonjwa. Idadi hiyo inaonyesha ukubwa wa janga, lakini haisemi ni vimelea wa namna gani waliomo ndani ya damu.

Majirani wameshaanza kujua. Mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa Rwanda kuna vimelea wenye badiliko la R561H kwenye jeni ya Kelch13. Badiliko hilo huwafanya wachelewe kufa mgonjwa anapomeza artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto tunazopewa. Baadaye likaonekana Kagera, Tanzania, hasa Karagwe. Sasa tazameni ramani: Muyinga, hapa nchini kwetu, inapakana na Tanzania, Rwanda iko jirani kabisa, na watu wanavuka mpaka wa Kobero kila siku kutafuta riziki. Wanavuka na vimelea wao.

Kazi ya kuwachunguza vimelea hao haitishi. Muuguzi akishamchoma mtoto kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, matone machache ya ziada yanadondoshwa kwenye karatasi ya chujio, yanaachwa yakauke, yanafungwa vizuri na kupelekwa maabara kusomwa jeni. Hata barafu haihitajiki njiani.

Naiomba Wizara ya Afya iviingize vituo vya afya vya Ryansoro na Muyinga katika ukusanyaji wa kudumu wa sampuli hizo, na majibu yarudi kwa wauguzi wetu mapema, dawa zikiwa bado zinaponya.